Mstari wa Kijani Umejaa, Lakini Usichomoe Flashi Kwanza

Mwaka jana nilijitolea kwenye shindano la tahajia la watoto wa shule za msingi mtaani kwetu. (La maneno ya Kiingereza, bila shaka. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, shindano lisingefika mbali.) Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuleta orodha ya maneno ya raundi ya mwisho. Nikainakili nyumbani, mstari wa kijani ukajaa, nikachomoa flashi, nikadandia bodaboda. Kufika, jina la faili lipo, ndani baiti 0. Watoto sita wamesimama mbele, wazazi wananitazama mimi, mtu ninayesomea kompyuta.

Sasa jiulize: kama kompyuta ilisema imemaliza, maneno yalienda wapi?

Hayakuwahi kutoka kwenye kompyuta. Flashi ni nzito sana kuandika ukilinganisha na RAM, kwa hiyo mfumo endeshi hautaki kukusubirisha. Unapokea data, unaiweka RAM, unakwambia tayari, halafu unaihamishia kwenye flashi taratibu. Ni kama kumkabidhi kondakta wa basi mzigo wa kwenda mkoani: mkononi mwako umetoka, ila haujafika. Kwenye Linux, ninayotumia mimi, data inaweza kukaa RAM kama sekunde 30 kabla ya kuanza kuandikwa. Ukibofya kitufe cha kuondoa kwa usalama, unauambia mfumo umalize kwanza kila ulichoahidi.

Watumiaji wa Windows mtanibishia, na mna hoja. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, flashi huwekwa moja kwa moja kwenye hali ya kuondolewa haraka, yaani data haikawizwi RAM. Lakini hali hiyo haikusaidii kama kuna programu bado inaandika wakati unachomoa.

Na hasara haiishii kwenye faili moja. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambamo kuna jedwali linaloonyesha vipande vya kila faili viko wapi. Jedwali likikatwa katikati ya kuandikwa, hata picha za harusi ya dada yako za miaka mitatu nyuma zinaweza zisionekane. NTFS na ext4 zina shajara: hurekodi kwanza badiliko linalokusudiwa, hivyo umeme ukikatika zinajua pa kuanzia. FAT32 haina.

Kuna jambo lingine, ndani ya chipu yenyewe. Flashi haiwezi kuandika juu ya data ya zamani. Lazima ifute bloku nzima, na kabla ya hapo ihamishe vilivyo hai humo. Ukiinyima umeme wakati huo, unaweza kuharibu kitu ambacho hukukigusa kabisa.

Kwa hiyo bofya, subiri ujumbe, angalia kataa kama bado kanamweka. Kwenye Linux unaweza pia kuandika amri ya sync na kusubiri irudi.

Siku ile tuliokolewa na mwalimu mmoja aliyekuwa na nakala ya karatasi mkobani. Neno la kwanza lilikuwa "necessary". Binti wa darasa la tano akalitaja herufi moja moja, bila haraka, akalipata.