Vyombo vya Kumsaidia Dereva Katika Nchi Jirani

Tarehe 1 Februari, 2004, kanuni mpya za usafiri zilianza kutumika nchini Kenya. Kwa mujibu wa kanuni hizo, zilizotolewa na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, matatu na mabasi yalitakiwa yafungwe mikanda ya abiria pamoja na kidhibiti mwendo, yaani chombo kinachoizuia injini isilipeleke gari zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Mwaka 2015 Rwanda nayo ilifuata njia hiyo, ikaweka kilomita 60 kwa magari ya abiria.

Madereva wengi walikiona chombo hicho kuwa ni pingu. Kilichobadilika hasa ni namna ya kuendesha. Chukua mfano wa basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, na dereva wake anataka kulipita lori linalokwenda kilomita 70. Ili alipite na kurejea upande wake kwa usalama, yampasa apate mita 60 hivi zaidi ya lori hilo, kwa kuhesabu urefu wa magari yote mawili na nafasi ya mbele na nyuma. Kwa tofauti ndogo kama hiyo ya mwendo, kazi hiyo huchukua sekunde 22 hivi, na basi huwa limekwenda karibu nusu kilomita likiwa upande usio wake. Iwapo gari jingine linakuja kwa mwendo uo huo wa kilomita 80, dereva anahitaji karibu kilomita nzima ya barabara iliyo wazi. Zamani alikanyaga mafuta akajiokoa. Sasa anakanyaga na injini haiitikii. Hivyo chombo hicho kilimpunguzia dereva kazi ya mguu, kikamwongezea kazi ya macho na ya kusubiri. Waliokataa kusubiri walikwenda kwa mafundi kukata waya, na polisi wa Kenya wamekuwa wakiwakamata tangu hapo.

Hivi sasa kuna vyombo vya aina nyingine, ambavyo havikuletwa kwa amri ya serikali hizo. Vimo ndani ya magari yaliyokwisha tumika Japani, yanayoteremshwa bandarini Mombasa na kuendelea hadi Nairobi na Kampala. Tangu Novemba 2021, Japani imeagiza kwamba magari madogo ya muundo mpya yanayotengenezwa nchini humo yawe na breki zinazojifunga zenyewe wakati wa hatari, na viwanda vingi vilikuwa vimeanza kuziweka kabla ya hapo. Kamera nyuma ya kioo cha mbele, na katika magari mengine rada, hupima masafa ya kitu kilicho mbele na kasi ya kukikaribia. Kwanza gari humwonya dereva kwa mlio. Asipofanya lolote, breki hujifunga.

Hapana shaka kwamba chombo hicho kinaweza kuokoa maisha. Lakini kilitengenezwa kwa barabara za namna fulani. Kile kinachomwonya dereva anapoacha njia yake husoma mistari ya rangi. Rangi ikifutika au ikifunikwa na vumbi, kinanyamaza. Katika msongamano wa Kampala, ambako bodaboda hupenya mbele ya gari kwa nafasi ya mkono mmoja, mlio haukomi, na dereva huishia kuuzima au kutousikia tena. Pengine gari hutoa onyo kwa sauti ya Kijapani, na kitabu cha maelezo, kinachosema wazi kwamba mwenye dhamana ni dereva, nacho ni cha Kijapani.

La kutisha zaidi ni kioo. Kioo cha mbele kikipasuka kwa jiwe na kubadilishwa, kamera lazima ielekezwe upya kwa vipimo vya kiwanda. Fundi asiye na vipimo hivyo hurudisha kamera mahali pake kwa kukadiria, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba breki zake bado zinaona. Ukaguzi unaotazama taa na magurudumu peke yake hauwezi kuligundua kosa hilo. Kwa hiyo nchi zinazopokea magari haya hazina budi kuwapatia mafundi vifaa vya kupimia kamera, na kuwafundisha madereva, kabla hawajakabidhiwa leseni, ni wakati gani chombo hicho hakioni.