Mchagua spea si fundi

JE, msomaji, una mtoto ambaye ndege ikipita juu ya paa huacha sahani ya chakula na kutimka mbio hadi uani, macho juu, mdomo wazi? Kama unaye, vuta kiti uketi. Nataka kukusimulia habari za ndege iliyoundwa juu ya meza ya kulia chakula, katika nyumba moja ya mtaa wa Migosi, jijini Kisumu. Nyumba hiyo ni yangu, na makosa nitakayoyataja pia ni yangu.

Sisi watu wa Kisumu tumejuana na ndege tangu zamani. Mwaka wa 1931, kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipoanza kusafirisha barua kutoka London hadi Mwanza, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege zilizofika huku kwetu zilikuwa za ajabu, kwani zilikuwa na tumbo kama la mashua na zilitua majini badala ya nchi kavu. Mwaka wa 1937 zikaja kubwa zaidi, zilizoitwa Short Empire, zikipitia hapa kwenda Durban. Siku hizi, ukisimama kwenye ufuo wa Usoma, jirani na uwanja wa ndege, utaiona ndege ya kutoka Nairobi ikishuka huku wavuvi wakiendelea kushona nyavu zao kana kwamba aliyepita ni korongo tu.

Si ajabu basi kwamba watoto wa ziwani hupenda kuunda ndege. Enzi zetu tulikata mabua ya mahindi, tukayachoma miiba yawe na mabawa, na jani gumu likawa pangaboi. Wenye mikono myepesi walikunja nyaya na kukata mikebe. Hakuna aliyetufundisha, na hakuna mzazi aliyetoa hata ndururu.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, alikuwa na umri wa miaka 12 alipokata picha gazetini na kuibandika juu ya kitanda chake. Ilikuwa picha ya F-5, ndege ya kivita ya Jeshi la Wanahewa la Kenya. Ndege hizo za Marekani zilianza kuingia nchini mwaka wa 1978, makao yake yakiwa Nanyuki, na ndizo zilizotumika Somalia mwaka wa 2011 majeshi yetu yalipovuka mpaka kupambana na Al-Shabaab. Binti hakujali vita. Alichopenda ni ile pua ndefu iliyochongoka kama ya samaki aina ya mbasi.

“Baba,” akaniambia, “naweza kuiunda hii?”

Nikamwambia anaweza, na kwamba ndege hiyo itakuwa yake. Kumbuka maneno hayo, msomaji, kwa maana tutayarudia.

Ndege ndani ya sanduku

Ndege za mfano zinazouzwa madukani huja zikiwa vipande vya plastiki ndani ya sanduku. Vipande hivyo hushikana kwenye fremu, nawe huvikata kimoja kimoja, huvisugua kwa msasa, huvigandisha na kuvipaka rangi. Watengenezaji mashuhuri ni kama Airfix wa Uingereza, Tamiya wa Japani na AFV Club wa Taiwan.

Ukubwa wake hupimwa kwa uwiano. Ndege ya 1 kwa 72 ni ile ambayo urefu wake umegawanywa mara 72, kipimo ambacho mtu wa futi sita hugeuka kuwa mtu wa inchi moja. Ndege ya 1 kwa 48 ni kubwa zaidi. F-5 halisi ina urefu wa mita 14 na ushei, na mabawa yake ni mita 8 hivi kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1 kwa 48 inakuwa na urefu wa sentimita 30, sawa na rula ya shule. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 ni kama sentimita 20. Tuliagiza ile ya sentimita 30, nasi tukaisubiri kwa majuma kadhaa hadi tulipoitwa tukaichukue.

Jioni tulipofungua sanduku, binti aliketi na karatasi ya maelezo akaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku akiweka alama za penseli. Mimi niliitupia jicho mara moja. Nilijiambia kwamba michoro inajieleza yenyewe.

Ugonjwa wa spea

Hapa ndipo nilipopatwa na ugonjwa. Nilikuja kugundua kwamba kama vile mwenye matatu anavyoweza kununua vioo, taa na viti ambavyo kiwanda hakikumwekea, ndivyo ilivyo kwa hizi ndege ndogo. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kuunda spea za kuboresha ndege zilizotengenezwa na wenzao. Eduard na Aires ni za Jamhuri ya Czech. Master ya Poland huchonga mirija ya shaba nyeupe myembamba kama sindano.

Spea hizi ni za aina tatu kuu. Kwanza ni zile za resini, ambayo humiminwa ikiwa majimaji ndani ya kalibu ya mpira na kuganda. Resini hunasa hata mishono ya mto wa kiti cha rubani. Pili ni vibati vya shaba vilivyokatwa kwa dawa inayokula chuma. Humo utapata mikanda ya rubani, swichi na dashibodi nyembamba kuliko ukucha. Tatu ni mirija na mizinga iliyochongwa kwa mashine. Juu ya hizo kuna stika za alama za nchi mbalimbali, ambazo huloweshwa majini na kuteleza mahali pake.

Msomaji, nilinunua zote. Chumba cha rubani cha resini, vibati vya shaba, mrija wa puani, magurudumu, kila kitu. Nilipojumlisha hesabu, spea zilikuwa zimepita bei ya ndege yenyewe. Mke wangu aliuliza swali moja tu, “Kwani hii inabeba abiria wangapi?” Kisha akarudi jikoni.

Kwa kuwa spea zilikuwa ghali, nikaogopa zisiharibike. Kwa kuwa niliogopa, nikaanza kumwambia binti, “Ngoja, hapo nifanye mimi.” Akashika kibano, nikakichukua. Akataka kupaka rangi kiti cha rubani, nikamwambia aangalie kwanza. Siku ya tatu aliniuliza, “Baba, kwenye maelezo wanasema tuweke uzito puani. Tutaweka nini?” Nilikuwa nimekodolea macho mkanda wa shaba ambao si mkubwa kuliko mguu wa sisimizi. Nikamjibu kwamba tutaona baadaye.

Chumba cha resini kiligoma kuingia. Kilikuwa kipana kuliko nafasi iliyokuwa ndani ya kiwiliwili cha ndege. Dawa yake ni kukwangua kuta za plastiki kwa ndani, kidogo kidogo, huku ukijaribu kila mara bila gundi mpaka nusu mbili zifungane. Nilikwangua usiku mbili. Usiku wa pili nilipoinua kichwa, kile kiti cha pili kilikuwa kitupu. Binti alikuwa uani na nduguye mdogo, wanakunja nyaya kuunda lori.

Niliona. Nikajiambia kwamba ndege ikiisha atafurahi.

Ndege ikakalia mkia

Ikaisha, na nisiseme uongo, ilipendeza. Kioo cha rubani kilikuwa wazi, mikanda ikining’inia, mrija wa shaba ukimeta puani. Nikamwita kila mtu sebuleni, nikaisimamisha juu ya meza kwa magurudumu yake matatu, nikaondoa mkono.

Pua ikapaa juu. Mkia ukagonga meza, ndege ikaketi mkao wa mbwa anayengoja mfupa.

Nikaiinua, ikaketi tena. Sababu ni rahisi. Magurudumu ya nyuma ya F-5 yako nyuma kiasi, lakini mabawa na mkia wa plastiki huivuta ndege ya mfano upande huo. Ndege halisi ina mitambo na mizinga puani ya kuisawazisha, ilhali ya plastiki ina hewa tu. Ndiyo maana maelezo yalitaka uzito uwekwe kabla ya kufunga kiwiliwili. Nami nilikwisha kukifunga, nikakipaka rangi na kukibandika alama.

Nilimgeukia binti nikatarajia acheke. Hakucheka.

“Ni ndege yako, Baba,” akasema, akaenda kulala.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule mkuu ndiye aliyevunjika guu, kwa kutosikia la mdogo. Walisema pia kwamba mchagua jembe si mkulima, na mimi nilikuwa nimechagua majembe yote ya dunia.

Pua yakatwa

Iliketi hivyo kwa mkia wake kwa karibu juma zima. Sikuigusa. Jumamosi nilimwomba binti tuandamane hadi ufuo wa Dunga, na njiani nikamwambia waziwazi kwamba niliahidi ndege ni yake, kisha nikamnyang’anya. Mzazi kumwomba mtoto msamaha si jambo tulilolelewa nalo wengi wetu. Maneno yalinikwama kooni kama mwiba wa ngege. Hakunijibu, ila baada ya hatua chache aliniuliza, “Ukikata pua, haiwezi kurudishwa?”

Pale Dunga mvuvi mmoja mzee alitupa vipande vichache vya risasi, vile vya kuzamishia ndoana. Alipoambiwa ni vya ndege alitutazama, akatikisa kichwa, akaongeza kimoja.

Usiku huo stima zilipotea. Binti alikata pua kwa msumeno mdogo wa chuma, taratibu, bila kushusha pumzi. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Alijaza risasi ndani, akipima kila mara kwa kuisimamisha ndege kwenye magurudumu yake, hadi ilipotulia hata akiisukuma kwa kidole. Kisha akaimwagia gundi, akarudisha pua, akaziba ufa kwa pati na kuusugua kwa msasa uliolowa maji.

Ule mrija wa shaba, spea niliyoisubiri kwa hamu kuliko zote, ulivunjika pua ilipokuwa ikikatwa. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Kesho yake binti aliniomba shilingi za kununua sindano mpya ya daktari kwenye duka la dawa. Nilimkatia ncha kali kwa koleo, naye akaigandisha puani. Ukiitazama leo hutajua kwamba si spea ya Poland.

Kabla hujafungua pochi

Ikiwa mtoto wako anatamani kazi hii, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama yangu.

Anza na ndege isiyo na spea yoyote. Ikiisha ndipo utajua ni wapi palipokosa uhai, na mara nyingi ni kiti cha rubani tu. Hicho kimoja kinatosha. Usinunue spea ya mahali ambapo hapataonekana ndege ikifungwa.

Hakikisha spea imetajwa kuwa ya seti uliyo nayo hasa. F-5 ya kampuni moja haivai chumba cha rubani cha kampuni nyingine bila vita. Jaribu kila kitu bila gundi, kisha jaribu tena.

Gundi ya plastiki huyeyusha plastiki ili ishikane, lakini haishiki resini wala shaba. Hizo zinataka supagluu, ambayo hugandisha vidole pia, kwa hivyo mzazi awe karibu. Vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Isugue ikiwa imelowa maji, vaa barakoa, na fungua madirisha. Risasi ina sumu: mtoto anawe mikono kwa sabuni mara tu anapomaliza, na asiile chakula kwenye meza hiyo kabla haijafutwa. Wembe na koleo mzazi avitazame, lakini asivinyakue.

Tazama pia yaliyo karibu nawe. Uzi wa shaba ndani ya waya mbovu wa stima hufaa kuwa mabomba ya breki. Bati la mkebe wa soda likikatwa vyembamba huwa mikanda. Watoto wetu wanaokunja nyaya uani walikwisha kuijua nusu ya ufundi huu kabla sanduku halijafika.

Na la mwisho, mwachie mtoto karatasi ya maelezo, naye akisema jambo, lisikilize kabla ya kuendelea na lako.

Ile F-5 sasa imesimama dirishani chumbani mwake, juu ya magurudumu yote matatu. Ukiinama utaona puani mstari mwembamba ambao rangi haikuuficha vyema. Nilimwambia naweza kumnunulia rangi ya kuufuta. Akasema uachwe. Mgeni akiuliza, binti humweleza kisa chote, na akifika mahali pa tochi hunitazama mimi, akacheka.