Fahamu: Wasifu wa fundi sola anayetafuta kazi Birmingham

Serikali ya Uingereza imelenga kufikisha gigawati 45 hadi 47 za umeme wa jua ifikapo 2030, na nyumba za kuishi zimeondolewa VAT kwenye ufungaji wa paneli hadi Machi 31, 2027. Kwa fundi wa Afrika Mashariki anayeishi Nechells, mtaa wa Birmingham, hii ni nafasi ya kweli, ila wasifu wake lazima useme kitu.

"Nina uzoefu wa sola" haimwambii mwajiri lolote. Taja kilowati za mifumo uliyofunga, aina ya paa (bati, vigae au zege), inveta na betri ulizotumia, na kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Hapa Uingereza, kufunga reli juu ya paa na kuunganisha umeme mara nyingi ni kazi za watu wawili. Wa umeme huulizwa cheti cha kanuni za nyaya, BS 7671. Wa paa, mafunzo ya usalama wa kufanya kazi juu na kadi ya CSCS, ya utambulisho wa wafanyakazi wa ujenzi.

Cheti cha VETA cha Tanzania au leseni ya EPRA ya Kenya usivifiche. Eleza kwa mstari mmoja vilikuruhusu kufanya nini. UK ENIC hulinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza. Lakini usiandike kwamba una MCS, ithibati ya ufungaji wa sola: hupewa kampuni, si fundi.

Ondoa picha, umri, dini na hali ya ndoa. Kama una leseni ya udereva, iandike juu kabisa, kwani mafundi huzunguka na gari nyumba hadi nyumba.