Sentimita Mbili Nyuma ya Boti

Anayetafuta motere ya boti ndogo hapa Kasongo huanza na swali la farasi: 15, 25 au 40? Ni swali la haki, kwa kuwa bei hupanda pamoja na farasi. Lakini zitazame boti mbili za fiba zilizotoka kwenye kalibu moja, kila moja na motere ya farasi 15 ya chapa ile ile. Ya kwanza inaondoka ukingoni, inainua omo kidogo, kisha inalala juu ya maji na kukimbia. Ya pili inanguruma vilevile na kunywa esansi vilevile, ila inajikokota omo ikiwa juu na tezi imezama, nyuma yake wimbi kubwa linaloisukasuka mitumbwi ya wavuvi. Ukipima utakuta zinatofautiana kwa sentimita chache kwenye ubao wa tezi, kwa tundu moja la pini, na kwa tangi lililowekwa pasipo pake.

Sentimita hizo zina uzito wa pekee Maniema, mkoa wa Kasongo. Esansi hufika huku kwa njia ndefu na mbovu, na mara nyingi hununuliwa kwa chupa au kwa bidoni kutoka kwa makadafi, wauzaji wa esansi wa barabarani. Mtu anayeichoma bure katikati ya mto hana kituo cha kukimbilia.

Mji wa Kasongo wenyewe umekaa bara, mashariki ya mto Lualaba. Nyangwe ndiyo iliyo ukingoni. Mto Luama nao unashuka kutoka upande wa mashariki na kumwaga maji yake Lualaba. Mto mkubwa hauendeki wote. Chini ya Kongolo miamba inaubana katika korongo ambalo Wabelgiji waliliita Milango ya Jehanamu, na kabla ya kufika Kindu kuna maporomoko mengine. Ndiyo sababu kampuni ya CFL ilitandika reli kutoka Kindu hadi Kongolo, ikaimaliza mwaka 1911. Katikati ya vizuizi hivyo lipo eneo la maji linalopitika, kati ya Kasongo na Kibombo, na hapo chombo chepesi kina kazi ya kweli: kumpeleka muuguzi na sanduku la chanjo, au kumtoa kijijini mama ambaye uchungu wake umekwama.

Boti nyepesi si jambo geni katika maji haya. Oktoba 1876 mpelelezi Henry Morton Stanley aliufuata Luama mpaka Lualaba, na mwezi uliofuata akaondoka Nyangwe akisindikizwa na mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye makao yake yalikuwa Kasongo. Wapagazi walikuwa wamebeba kutoka pwani boti ya mbao za mwerezi, Lady Alice, iliyofunguliwa vipande vipande: urefu futi 40, yaani mita 12 hivi, na upana futi 6. Ilikwenda kwa makasia. Motere ya kuning'inizwa nyuma ilikuwa bado kuenea duniani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, aliunda ya kwake mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, ikiwa na farasi 1 na nusu na uzito wa kilo 28 hivi.

Urefu na wembamba wa chombo kama kile, na zaidi wa mitumbwi ya Wagenya, wavuvi wa mto huu, una sababu ya kifizikia. Chombo kinachopasua maji huzaa wimbi omo na jingine tezini. Mwendo ukiongezeka, wimbi la omo hurefuka mpaka linalingana na urefu wa chombo. Hapo chombo kimekaa katika bonde la wimbi lake mwenyewe, na kila nguvu inayoongezwa inaishia kukuza wimbi. Kikomo hicho kinakadirika kwa urahisi: chukua urefu wa chombo majini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Boti ya mita 4 inakwama kwenye 9. Ya mita 9 inakwama kwenye 13 na nusu. Mtumbwi ambao urefu wake ni mara kumi ya upana una njia ya kuponea: wimbi lake ni dogo mno hata haliufungi, nao hukipita kikomo hicho bila kishindo. Kwa hiyo wale wanaofunga farasi 15 kwenye mtumbwi mrefu na kubeba watu na magunia wanajua wanachofanya.

Boti fupi haina wembamba huo wa kuiokoa. Njia yake ni moja tu, kupanda juu ya maji. Maji yanayopiga chini ya kitako chake huinyanyua, na nguvu ya kuinyanyua hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo wa kwenda juu ni mara nne. Lakini lazima kwanza ipande kilima cha wimbi lake, na hapo ndipo uzito unapohukumu. Mafundi wengi hukadiria kilo 20 hivi kwa kila farasi. Farasi 15 basi wataipandisha boti ya kilo 300, kila kitu kikiwemo. Toa kilo 120 za boti yenyewe, 36 za motere ya mipigo miwili, na 19 za tangi la lita 25 likiwa limejaa. Zinabaki kilo 125: nahodha na mtu mmoja. Akipanda wa tatu, boti inabaki bondeni. Motere inaendelea kunywa lita 6 au 7 kwa saa kwa kasi ya 9 au 10, ilhali ingezinywa hizo hizo kwa kasi ya 27. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua, na kabla ya kuahidi nafasi kwa ndugu aliyekuja na mizigo.

Tuje kwenye ubao wa tezi. Motere za ukubwa huu huja na mguu mfupi, unaofaa ubao wa kimo cha sentimita 38, au mrefu, wa sentimita 51. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi ni kosa linaloonekana mara nyingi, kwa kuwa watu hununua kinachopatikana. Fundi makini huvuta kamba chini ya kitako cha boti, ikiambaa na mkuku, akaipitisha nyuma mpaka kwenye motere. Kisha huchuchumaa na kutazama lile bati bapa lililolala juu ya pangaboi. Bati hilo liwe usawa wa kamba, au chini yake kwa sentimita 2 na nusu, basi. Likishuka zaidi, mguu unaburura maji na kuyarusha juu, na mwendo unaliwa. Likipanda kupita kiasi, pangaboi linavuta hewa kutoka juu: kwenye kona motere inalia ghafla na boti inalegea. Tiba ni kipande cha mbao ngumu chini ya vibano, au kupunguza ubao. Sentimita 2 zinatosha kubadilisha tabia ya boti.

Vibano vikazwe kwa mkono, kisha virudiwe baada ya nusu saa ya kwanza majini, kwa sababu mbao hubonyea. Zaidi ya hapo iwepo mnyororo au kamba imara kutoka kwenye motere hadi kwenye taruma. Motere iliyochomoka na kuzama katika Lualaba, katika maji ya rangi ya chai, hairudi.

Baada ya kimo ni pembe. Kwenye mabano ya motere kuna matundu kadhaa na pini. Pini ikiwa karibu na boti, omo inashuka. Ikisogezwa nje, omo inapanda. Lengo ni mguu usimame wima boti ikiwa mbioni, siyo ikiwa imefungwa ukingoni, na kitako kielee kwa pembe ya nyuzi 3 hadi 5. Omo ikianza kurukaruka yenyewe juu ya maji tulivu, pini imekwenda nje mno, au uzito wote umerundikana nyuma. Mara nyingi ni hilo la pili. Nahodha ameketi tezini, motere iko tezini, tangi liko miguuni pake. Mpira mrefu zaidi wa esansi unalipeleka tangi katikati, na bomba jepesi lililochomekwa kwenye mkono wa motere linamleta nahodha mbele kwa hatua moja. Kwa boti ya mita 4 hakuna badiliko la bei nafuu kuliko haya mawili, nami ningeanza nayo kabla ya kugusa spana.

Pangaboi nalo lina hesabu yake. Chukua motere inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, gia ikipunguza mizunguko kwa 2.08, na pangaboi la hatua ya inchi 9. Lingekuwa linajipenyeza katika kitu kigumu lingekwenda kilomita 33 kwa saa. Maji huteleza, kwa hiyo toa asilimia 15 hadi 20. Unabaki na 27 hivi. Kwa boti yenye mzigo, hatua ya inchi 7 au 8 huruhusu motere ifikie mizunguko yake. Na kuna jambo ambalo vitabu vya motere, vilivyoandikwa kwa watu wa baharini, hulipitia juu juu: Lualaba hapa uko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kila mita 100 hupunguza nguvu kwa asilimia 1 hivi. Farasi 15 wa kiwandani wanafika hapa wakiwa 14 na kitu.

Kuanzia Juni hivi maji hupungua na mafungu ya mchanga hutokeza. Mchanga ni adui wa kipekee wa motere hizi, kwa sababu zinajipoza kwa maji ya mto, yanayovutwa na gurudumu dogo la mpira. Mchanga unalisaga gurudumu hilo. Kijito chembamba kinachoruka nyuma ya motere ndicho taarifa yake: kikidhoofika, zima kabla chuma hakijaungua. Maji yakiwa kimo cha goti, inua motere usukume kwa upondo.

Kuhusu mafuta, motere nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za esansi kwa 1 ya mafuta maalumu, yaani mililita 400 katika lita 20, na mara mbili ya hapo zikiwa mpya. Kitabu cha motere yako ndicho chenye neno la mwisho. Pima kwa chombo chenye alama, na uichuje esansi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana bidoni nyingi zina uchafu chini.

Kamba ya kuzimia ifungwe mkononi mwa nahodha muda wote motere inapozunguka. Boti nyepesi ikimtupa mtu, huendelea kuzunguka duara na kumrudia, pangaboi likiwa bado linazunguka. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

Jaribio lenyewe linahitaji simu yenye kipima mwendo na watu wawili, uzito uleule kila mara. Mkondo unadanganya, hivyo kimbia sehemu moja ya mto kupanda na kushuka: ukipata 22 kupanda na 31 kushuka, mwendo wa boti ni wastani wake, 26 na nusu. Badilisha kitu kimoja, ama kimo, ama tundu la pini, ama mahali pa tangi, kisha rudia palepale na uandike namba zote mbili.