Kabla ya Kuangusha Mti: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Mbezi Luis

Viwanja vingi vya Mbezi Luis vilikuwa mashamba kabla ya kuwa makazi. Miembe, mikorosho na minazi iliyopo leo nyuma ya nyumba ilipandwa wakati ambapo hapakuwa na kuta, nyaya za umeme wala mabomba ya maji karibu yake. Kwa hiyo, mara nyingi nyumba ndiyo iliyoufuata mti. Wakati msingi unachimbwa, uzio unajengwa au shimo la majitaka linawekwa, mizizi mikubwa hukatwa bila mwenye nyumba kutambua athari zake. Mti huendelea kuwa na majani mabichi kwa miaka kadhaa, lakini upande mmoja haushikwi tena na ardhi.

Udhaifu huo hujitokeza wakati wa mvua. Katika msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo wa miteremko hulowa na kulegea. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoifikia Mafia, upepo mkali na mvua kubwa vilisikika pia katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wakati kama huo si wa kutafuta fundi wa kukata mti. Miti inafaa kukaguliwa katika miezi ya kiangazi, ardhi ikiwa kavu na mkazi akiwa na muda wa kufuata taratibu.

Je, mti unapaswa kuondolewa?

Mti kuwa mkubwa, au kudondosha majani juu ya bati, si sababu ya kuuangusha. Zipo dalili zinazostahili kuangaliwa. Ya kwanza ni udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina. Ya pili ni mti uliokuwa wima kuanza kuinama. Mti ulioinama tangu ukiwa mche unaweza kuwa imara, ilhali ule ulioinama ndani ya msimu mmoja ni wa hatari. Dalili nyingine ni uyoga unaoota kwenye shina au mizizi, uwazi unaotoa sauti ya utupu shina linapogongwa kwa nyundo, matawi makubwa yaliyokauka, na ufa mahali mashina mawili yanapoungana.

Mti wenye tawi moja bovu huhitaji kupunguzwa tawi hilo tu. Mti wenye mizizi iliyooza au iliyokatwa upande mmoja ndio wa kufikiriwa kuondolewa. Wakazi wengi huchagua njia ya tatu, ambayo ni kukata kichwa chote cha mti na kubakiza shina. Njia hiyo haishauriwi. Majeraha makubwa ya juu hayazibi kwa urahisi, maji na wadudu huingia, na machipukizi mapya huota yakiwa yameshikwa na tabaka jembamba la kuni. Baada ya miaka michache, mti huo huwa na matawi mengi mazito yasiyo imara kuliko ya awali.

Ruhusa na mamlaka husika

Anayekusudia kuangusha mti ulio ndani ya kiwanja chake anashauriwa kuanzia ofisi ya Serikali ya Mtaa, na baadaye kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ili aelekezwe kwa wataalamu wa misitu na mazingira wa Manispaa. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si mali ya mkazi aliye jirani nao. Kwa Barabara ya Morogoro mamlaka husika ni TANROADS, na kwa barabara za mitaa ni TARURA. Magogo, mbao au mkaa unaosafirishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine huhitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa mujibu wa taratibu zinazotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Miti ya kingo za mito na makorongo inahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito. Katika eneo lenye vilima kama Mbezi, mizizi ya miti hiyo ndiyo inayoshikilia udongo chini ya nyumba zilizo pembezoni.

Tawi linapoingia kwa jirani, ni vema pande mbili zikae pamoja mbele ya mjumbe au Mwenyekiti wa Mtaa kabla panga halijainuliwa. Makubaliano yaandikwe: nani atalipa, kuni zitakuwa za nani, na nani atagharamia ukuta ukibomoka.

Mti ulio karibu na umeme

Nyaya nyingi za umeme wa msongo wa kati, wa kilovolti 11 na 33, hazina ganda la kuzuia umeme. Hata umeme wa volti 230 unaoingia majumbani unatosha kuua. Tawi bichi hupitisha umeme, na likilowa hupitisha zaidi. Kwa hiyo mkwezi anaweza kudhurika bila yeye mwenyewe kuugusa waya. Mti wowote ambao tawi lake limegusa waya, au linaweza kuuangukia, usiguswe kabla TANESCO haijaarifiwa na kufika. Namba ya huduma kwa wateja ni 180. Kuzima swichi kuu ya nyumba hakuzimi umeme wa nguzo.

Waya ukianguka, watu wakae mbali nao kwa mita 10 au zaidi, na wasijaribu kuuondoa kwa mti wala kwa kamba. Mtu akinaswa chini ya mti, au nyumba ikiangukiwa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Vifaa na watu wa kazi

Ujuzi wa mkwezi wa minazi ni wa kupanda na kuangua; kuangusha mti mzima katikati ya nyumba ni kazi nyingine. Kabla ya kukubaliana bei, mwenye nyumba ana haki ya kuona vifaa. Fundi anayetumia msumeno wa mnyororo, maarufu kama chenso, anapaswa kuwa na kofia ngumu, miwani au kioo cha uso, vizibo vya masikio, glovu, suruali nzito na buti. Ndala na kandambili hazina nafasi katika kazi hii. Anayepanda awe na mkanda wa usalama uliofungwa kwenye shina imara, na kamba isiyochakaa.

Msumeno wenyewe ukaguliwe. Mnyororo uwe mkali na uliokazwa vizuri, na breki yake ifanye kazi. Ncha ya juu ya msumeno isipogusishwa kwenye kuni, hatari ya msumeno kuruka nyuma kuelekea usoni hupungua sana. Msumeno haupaswi kutumiwa juu ya usawa wa mabega, wala na mtu aliyesimama kwenye ngazi. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, mbali na sigara na jiko.

Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu. Mkato wa kwanza hupita chini ya tawi, hatua fupi kutoka kwenye shina. Wa pili hupita juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi hudondoka bila kuchana gome la shina. Wa tatu huondoa kipande kilichobaki, karibu na uvimbe wa mwanzo wa tawi, bila kuukata uvimbe wenyewe, kwa kuwa ndipo mti unapoanzia kuziba jeraha.

Katika kuangusha shina, fundi mwenye ujuzi hukata kwanza mdomo upande ambao mti utaangukia, kisha hukata kutoka nyuma na kubakiza ukanda mwembamba wa kuni katikati. Ukanda huo hufanya kazi kama bawaba ya mlango: ndio unaoongoza mti. Ukikatwa wote, mti huanguka utakako wenyewe. Njia ya kukimbilia husafishwa mapema, kuelekea nyuma kwa mshazari, na watu wasiohusika hukaa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Iwapo kiwanja hakina nafasi hiyo, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya mtaani, mti ushushwe vipande vipande kwa kamba kuanzia juu.

Bei ndogo kuliko zote kwa kawaida hupatikana kwa kuacha mojawapo ya mambo haya: kamba, msaidizi wa chini au muda. Anayebeba pengo hilo ni kijana aliye juu ya mti, ambaye mara nyingi amekubali kazi kwa ujira wa siku moja. Mwenye nyumba anayemwita ndiye mwenye uwezo wa kumwambia ashuke.

Baada ya mti kuondoka

Shimo la kisiki lifukiwe na kushindiliwa ili maji ya mvua yasielekee kwenye msingi. Mti mwingine upandwe mahali panapoulingana. Karibu na uzio unafaa mti mdogo, kama mlimau au mkomamanga. Mwembe upewe nafasi ya mita 8 hadi 10 kutoka nyumbani, na usipandwe chini ya nyaya. Mche unaopewa nafasi yake leo hautahitaji msumeno nyumba zitakapoongezeka.