Msichana wa Babati Aingiapo Chuo Kikuu

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, ni njia panda ya lugha. Huko husikika Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi. Kimbugwe na Kirangi, ambazo ni za Kibantu. Na Kidatoga, ambayo ni ya Kiniloti. Msichana wa kijijini hulelewa kwa lugha ya mama, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Afikapo chuo kikuu, Dodoma au Dar es Salaam, hukuta hakuna amjuaye kwa ukoo wala kwa bidii yake. Hujulikana kwa namba ya usajili.

Je, kwa nini aliyeongoza darasa kwao aweza kunyamaza semina nzima? Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtaalamu wa mila, alionyesha kuwa kila mpito wa maisha una hatua tatu: kutengwa, kukaa kati, na kupokewa. Jambo hilo si geni Babati. Mwaka 1984 Mjapani Shohei Wada alichapisha maelezo ya unyago wa wasichana wa Wairaqw na Wagorowa. Naye Mmarekani Vincent Tinto, mwaka 1987, alitumia hatua hizo kueleza kwa nini wanafunzi huacha chuo. Kimya cha mwaka wa kwanza, basi, chaweza kuwa dalili ya kukaa kati, wala si upungufu wa akili.

Hata hivyo, mwaka 1992 William Tierney alitoa hoja nzito: unyago humwingiza mtu katika utamaduni wake mwenyewe, hali chuo humwingiza katika utamaduni wa wengine. Mwali ana kungwi. Mwanafunzi mgeni huenda asiwe naye. Kwa hiyo si haki kumtaka auache ukwao ndipo aitwe msomi.

Historia yetu yathibitisha kuwa njia yenyewe huweza kuwa kikwazo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka waombaji wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Idadi ya wanawake ilishuka, na mwaka 1976 wakaondolewa sharti hilo. Akili zao hazikubadilika; ulibadilika mlango.

Mwalimu wa kidato cha tano na cha sita aweza kuwa kungwi huyo: awazoeze wasichana kuuliza na kupinga hoja mbele ya wenzao, na awaalike waliotangulia chuoni waje kusimulia. Aliyeandaliwa hivyo huvuka bila kujikana.