Nani Aliipa Meli Jina Hilo?

Haya, wapwa zangu wa Kibaha, sogeeni. Na ninyi wa Kisarawe, msikae mlangoni kama wageni. Leo kuna swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa haraka.

"Mjomba, kwa nini meli ya jeshi inapewa jina? Si ina namba ubavuni?"

Ahsante kwa kuuliza! Namba ipo, ni kweli. Lakini fikiria mama amesimama uani anaita, "Wewe mtoto!" Watoto wa nyumba tatu watageuka, na hakuna hata mmoja atakayekwenda dukani. Akiita "Mwajuma!", Mwajuma anajijua. Baharini ni vivyo hivyo. Upepo unavuma, redio inakoroma, mtu anaita. Jina moja, meli moja.

"Na nani anachagua?"

Mwenye meli. Likumbukeni jibu hilo, maana tutalirudia: mwenye meli ndiye anayechagua.

Sasa nitamleta shahidi. Shahidi wangu ni boti.

"Boti inasema, Mjomba?"

Katika hadithi zangu inasema. Tena inasema sana. Tuisikilize.

"Naitwa Kingani," inasema boti. "Nilikuwa boti ndogo ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nilikaa mbali na bahari, lakini jina langu ni la mto wa pwani. Mto wenyewe mnaujua. Unatoka milima ya Uluguru, unapita Mlandizi, unaingia baharini karibu na Bagamoyo. Ninyi mnauita Ruvu. Kule chini, unapokaribia bahari, uliitwa Kingani."

"Ruvu! Maji ya bombani kwetu Kibaha!"

"Hata kwetu Kisarawe! Yanakuja kwa bomba la kutoka Kibamba!"

Mmeona? Mto mmoja, ndoo nyingi. Tuiache boti iendelee.

"Mzinga wangu ulitazama mbele tu. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza walikuja na boti mbili za mwendo kasi. Walizitoa London kwa meli mpaka Cape Town, wakazipandisha treni, wakaziburuta porini mpaka ziwani. Walinipiga, wakanikamata, wakanitengeneza. Halafu wakanibadilisha jina. Wakaniita Fifi."

"Fifi?"

Ndiyo, Fifi. Msicheke sana, boti ina moyo. Ofisa wa Kiingereza aliyeongoza msafara ule aliitwa Geoffrey Spicer-Simson, na alikuwa na vituko vyake. Zile boti zake mbili alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, maneno ya kitoto ya Kifaransa ya kuwaita paka na mbwa. Hebu fikirini mlinzi wa Kigoma anauliza gizani, "Nani huyo?" na boti inajibu, "Mimi." Hapo usalama uko wapi?

Lakini Fifi hakucheza. Tarehe 9 Februari 1916, akiwa pamoja na Mimi, aliizamisha meli ya Wajerumani iliyoitwa Hedwig von Wissmann. Zamani zilikuwa upande mmoja, sasa moja inaizamisha nyingine, tena kwa jina jipya.

"Mjomba, wenye mto waliulizwa jina lao lilipochukuliwa?"

Hawakuulizwa. Wala hawakuulizwa lilipofutwa. Mwenye boti ndiye aliyechagua. Swali lako limenifurahisha kuliko chai ya asubuhi.

Katika ziwa lile ilikuwapo nyingine, kubwa kabisa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1915 ikashushwa majini. Iliitwa Graf von Götzen.

"Huyo alikuwa mto?"

Hapana. Alikuwa gavana. Ndiye aliyetawala nchi hii kwa niaba ya Wajerumani kuanzia 1901 mpaka 1906. Katika miaka yake watu walilazimishwa kulima pamba, na mwaka 1905 vikaanza Vita vya Maji Maji. Wazee wenu wa Kisarawe wanaijua habari hiyo, maana Uzaramo nao uliingia vitani. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, alikuwa miongoni mwa walioingia vitani. Leo Dar es Salaam ipo shule ya sekondari yenye jina lake. Lakini mwaka 1915 meli kubwa ya Kigoma ilipewa jina la nani? La gavana. Kwa nini? Semeni wote.

"Mwenye meli ndiye anayechagua!"

Hewaa! Mwaka 1916 Wajerumani, wakijua watashindwa, wakaizamisha wenyewe. Kwanza walizipaka injini grisi nzito zisioze, kwa sababu walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya: Liemba. Hilo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Anayelaza wavu katika maji yale hahitaji kuambiwa Liemba ni nini. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, bendera zikabadilika, na jina Liemba halikuguswa. Jina la gavana lilidumu mwaka mmoja na ushei tu.

"Na sisi, meli zetu za jeshi tunaziitaje?"

Swali la mwananchi hilo! Mwaka 2015 Kamandi yetu ya Wanamaji ilipata meli mbili za doria kutoka China. Moja ikaitwa Mwitongo, nyingine Msoga. Mwitongo ni pale Butiama, mkoa wa Mara, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, alipozikwa. Msoga ni kijiji cha mkoa wetu wa Pwani, huko Chalinze, nyumbani kwa Rais Jakaya Kikwete. Naye Kikwete ndiye aliyekuwa rais wakati huo.

"Kwa hiyo rais aliyekuwa madarakani alipata meli ya kijiji chake?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa maoni yangu, Mwitongo halina ubishi. Msoga ni jina zuri, tena fupi, lakini mimi ningesubiri kiongozi astaafu kwanza. Kijiji hakikimbii.

"Lakini Mjomba, Msoga hakuna bahari!"

Na Kibaha je? Ninyi ni makao makuu ya mkoa unaoitwa Pwani, na hamna wimbi hata la kulowesha kandambili. Kisarawe vilevile. Jina la meli si lazima litoke majini. Majirani zetu wa Kenya, miaka ya 1960, walikuwa na Simba, Chui na Ndovu. Baadaye akaja Mamba, ambaye angalau maji ni kwake. Ndovu pia, msimcheke, anaogelea vizuri sana. Kisha wakapata Shujaa na Shupavu, majina ya sifa. Na wakapata Galana na Tana, mito yao miwili. Hayo ya mito ndiyo niliyoyapenda zaidi.

"Basi na sisi tuchague! Mimi nataka Soga, kwetu Kibaha!"

Nimefurahi. Lakini Msoga ipo tayari. Usiku, upepo ukivuma, ile M inamezwa, na meli mbili zinaitika kwa mpigo. Wanamaji hawapendi majina mapacha.

"Mimi nataka Kazimzumbwi, msitu wetu wa Kisarawe!"

Jina tamu, limejaa mdomo. Ila nahodha mwenye haraka akilifikisha mwisho, wimbi limeshapita. Pugu ni fupi, nao ni msitu wa jirani yake. Pugu naliafiki.

"Kibasila!"

Naliafiki kwa mikono miwili. Silabi nne, zinasikika zote, na nyuma yake kuna mtu aliyekataa kuonewa.

"Na wewe, Mjomba?"

Mimi nasema Kingani. Jina lilichukuliwa bila ruhusa, likafutwa bila ruhusa. Sasa kwa kuwa meli ni zetu, turudishe jina la mto wetu wenyewe, kwa hiari yetu, liandikwe ubavuni kwa rangi nyeupe. Safari hii mwenye meli na mwenye mto ni mtu mmoja.

Nanyi mnaosoma, kila mmoja achague jina lake leo. Liandike kwenye daftari pamoja na sababu, sentensi mbili zinatosha. Kisha msomee bibi au babu. Akitabasamu na kuanza kukusimulia, umepata jina la meli. Akiuliza, "Huyo ni nani?", futa, chagua jingine.